Nuru ya Nje ya Ua: Maisha ya Rahabu Robi Heche, 1988–2025

Marehemu Rahabu Robi Heche alizaliwa tarehe 14 Aprili 1988 katika kijiji cha Kewanja, wilaya ya Tarime. Baba yake ni Heche Kisiri. Mama yake alikuwa Gati, ambaye ametangulia. Walijaliwa watoto watatu. Wawili wa kwanza hawakufikia umri wa kutembea. Aliyebaki ni huyu. Rahabu ni jina la kanisani. Nyumbani aliitwa Robi, na hapa ataitwa hivyo.

Alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha. Gati alisema, "Huyu analia kwa nguvu. Huyu atakaa." Baba yake aliogopa kumshika. Alikuwa amewashika wawili kabla yake na wote aliwazika. Alingoja mpaka mtoto akaanza kukaa mwenyewe, ndipo akampakata. Baada ya hapo ilikuwa shida kumtua.

Mwaka 1995 familia ilihamia Machochwe, wilaya ya Serengeti, kufuata malisho. Boma hili mnaloliona lilijengwa mwaka huo. Ua wake ulipandwa na watu watatu. Baba alikata matawi ya minyaa, mama akachimba mashimo, Robi akashikilia matawi yasilale. Alikuwa na miaka saba. Aliambiwa asijipanguse uso, maana utomvu wa mnyaa unaunguza macho. Akajipangusa. Alilia akisema haoni tena. Mama yake alimlaza mapajani akamwosha macho kwa maziwa, huku akimwambia, "Ulitaka kujua, si ndiyo? Sasa umejua." Kesho yake alirudi kwenye kazi akiwa amefunga kitambaa usoni, macho yamevimba, na hakukubali kuachwa.

Robi alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1996 hadi 2002. Sekondari alisoma Mugumu, 2003 hadi 2006, akakaa bweni. Huko alifundishwa na Mwalimu Konstantino, mtu wa Kagera, ambaye yuko hapa leo na fimbo yake. Robi alipokuwa kidato cha pili, mwalimu huyo alikuja hapa bomani kwa baiskeli. Alikuwa amesikia kuna watu wamefika kumwulizia binti.

"Mzee Heche," alisema kabla hata ya kukaa, "huyu mtoto ukimwoza, mimi nahama shule."

Baba yake akamjibu, "Mwalimu, wewe hama tu ukitaka. Mimi simwozi."

Mwalimu akacheka, akapewa maziwa, akakaa mpaka jioni. Hakuhama.

Baada ya kidato cha sita, Robi aliingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 2009 kusoma fizikia. Akiwa huko, tarehe 3 Machi 2011, mama yake alifariki. Robi alifika siku ya pili, kaburi limekwisha kuchimbwa upande wa kushoto wa nyumba. Alikaa hapo chini mpaka watu wakatawanyika. Alimwambia baba yake, "Tata, nikirudi shule utabaki na nani?" Baba yake akamwambia, "Nenda." Hakusema neno lingine, kwa sababu lingine lingemzuia.

Mwaka 2013 alikwenda Afrika Kusini, Cape Town, akachukua shahada ya pili, kisha ya tatu aliyoimaliza mwaka 2020. Alisomea galaksi. Watu mnadani walikuwa wakimwuliza baba yake, "Heche, binti yako anasomea nyota? Zinakamuliwa?" Siku Robi aliporudi likizo, baba yake akamwuliza kama alivyoulizwa.

Robi hakucheka. Alisema, "Zinakamuliwa, Tata. Galaksi ni kama boma, na nyota ndio mifugo. Halafu maboma yako mengi pamoja, mamia, yanaitwa kundi. Galaksi ikiingia kwenye kundi kwa kasi, inakamuliwa gesi yake yote. Na gesi ndiyo inayozaa nyota."

"Sasa inakufa?"

"Haifi upesi. Nyota za zamani zinaendelea kuwaka. Inakuwa nyekundu, inakaa hivyo miaka na miaka. Ila nyota mpya haizaliwi tena."

Baba yake alitazama nyumba yake. Robi akaona, akajuta kusema. Akaanza kuzungumzia habari za ndama.

Mwaka 2021 alirudi nchini akawa mhadhiri Dodoma, huku akiendelea na utafiti pamoja na wenzake wa nchi nyingi. Mmoja wao ni Dada Luciana, aliyesoma naye Cape Town na sasa amesafiri kutoka Dodoma kuja kumzika. Utafiti wenyewe ulikuwa hivi, kama Robi alivyoueleza hapa nyumbani mara nyingi, kwa subira.

Galaksi zilizo katika kundi zinapopishana karibu, zinavutana. Nyota za pembeni zinachomoka. Hazirudi zilikotoka na haziingii kwenye galaksi nyingine. Zinabaki katikati, mahali panapoonekana peusi, patupu. Ni nyota zisizo na boma. Nuru yao ni hafifu sana, imesambaa kama vumbi la ng'ombe waliokwisha kupita. Robi na wenzake waliitafuta nuru hiyo. Mwezi wa saba 2023 darubini mpya ilirushwa juu, mbali na dunia, na picha zake zikawapa kazi kubwa kuliko walivyowahi kupata.

Namna ya kuitafuta ilimshangaza baba yake. Robi alikuwa akichukua picha ya kundi, kisha anafunika kila kinachong'aa. Kila galaksi, kila nyota ya mbele, anaiwekea doa jeusi juu yake.

"Unafunika ng'ombe ili uone nini?" baba yake aliuliza.

"Nione kinachobaki."

"Na kinachobaki ni cha nani?"

"Ni cha kundi, Tata. Nyota hizo hazina boma lakini haziendi kokote. Kuna uzito mkubwa usioonekana unaoshika kundi zima, nazo unazishika. Tena zinatuonyesha uzito huo umekaa wapi kuliko hizo zinazong'aa."

Desemba 2023, Robi akiwa nyumbani kwa Krismasi, alifungua kompyuta yake kivulini pale kwenye ghala, mchana, akamwita baba yake aone. Ilikuwa picha ya kundi moja alilolifanyia kazi muda mrefu. Katikati ya madoa meusi kulikuwa na kitu kama ukungu. Baba yake aliinama. Aliona kioo kimechafuka. Akachukua pembe ya shuka lake, akaitemea mate kidogo, akakifuta kwa nguvu.

"Tata!"

"Nini? Kina uchafu."

"Huo ndio wenyewe! Ndio kazi yangu!"

Robi alicheka mpaka akashuka kitini akakaa chini. Alisema hata wasomi walifanya hivyo hivyo kwa miaka. Walikuwa wakisafisha picha ili anga iwe nyeusi vizuri, na katika kusafisha wakaifuta nuru hiyo, wakidhani ni uchafu wa vioo. Aliporudi kazini aliwasimulia wenzake mkutanoni. Dada Luciana anasema tangu siku hiyo, mmoja wao akisafisha picha kupita kiasi, wengine humwambia, "Umepitisha shuka la Mzee." Robi alilipenda neno hilo. Aliandika kwenye ujumbe wake kwa baba yake, aliosomewa na jirani: "Tata, shuka lako sasa liko Ulaya."

Kuhusu ndoa. Robi hakuolewa. Mwaka 2014 alikuwa na mchumba, Godwin, wakala wa forodha pale Sirari, kijana mwenye adabu. Ndugu zake walifika hapa mara mbili. Robi aliomba amalize shule. Godwin alingoja, akachoka, akaoa kwingine. Robi alipoambiwa alisema, "Amengoja vya kutosha, tusimseme." Godwin ametuma rambirambi, na baba wa marehemu anamshukuru.

Wako waliomwambia baba yake, "Zizi lako limebaki na ng'ombe wale wale. Binti amekufaa nini?" Yeye alikuwa akiwaacha waseme. Hawakuwahi kuona Robi anavyoshuka kwenye basi la Mugumu na kuanza kukimbia akiwa bado mbali, mtu mzima, na begi linamgonga mgongoni.

Ugonjwa ulianza Januari mwaka huu. Alisema tumbo linamsumbua. Alipimwa Dodoma, akapelekwa Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani ya kongosho na imekwisha kusambaa. Madaktari walimwambia ukweli, naye akamwambia baba yake ukweli, kwa simu, akisema polepole kama mtu anayemfundisha mtoto. Baba yake alikuwa malishoni. Alikaa chini. Ng'ombe waliingia shamba la mtu, na mwenye shamba alipofika na kumwona hakudai kitu.

Mwezi wa sita aliomba kurudi nyumbani. Dada Luciana ndiye aliyemleta. Robi alikuwa amekonda hata shuka lilimzidi uzito. Hospitali ya Mugumu ilimpa dawa za maumivu, na muuguzi alikuwa akija. Mchana alitolewa nje, akalazwa kwenye mkeka mahali anapoona lango. Kompyuta ilikuwa pembeni yake lakini hakuifungua tena.

Siku moja alimwita. "Tata."

"Naam."

"Unilaze karibu na mama."

Baba yake alisema, "Sawa." Alisema bila kufikiri. Mtu akiombwa hivyo anasema sawa.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, hapa bomani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba yake. Aliomba maji. Yalipofika alikuwa amekwisha kwenda. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

Jumapili wazee wa ukoo walikaa. Yaliyosemwa yanawekwa hapa kwa sababu yanahusu mahali atakapolazwa Robi, na kila aliyefika leo ameona mahali hapo, na wengine wameuliza.

Baba wa marehemu alieleza ombi la binti yake. Mzee Sadock, kaka yake mkubwa, ndiye aliyejibu. Alijibu kwa upole.

"Mdogo wangu, unajua. Binti asiyeolewa hazikwi ndani ya ua. Hatukuanza sisi."

"Ameomba."

"Wangapi wameomba? Wa kwangu mwenyewe nilimweka nje, mwaka ule. Uliniona nikibishana?"

Hilo ni kweli. Hakubishana. Baba wa marehemu alikumbuka siku hiyo, na alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wazee waliokaa wakakubali.

Dada Luciana aliomba kusema. Alisalimia, "Shikamooni wazee," wakaitikia. Akasema Robi alikuwa mtu mkubwa huko kazini, kwamba wako watu nchi za mbali wanaomlilia. Mzee Sadock akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, tunashukuru. Tunajua alikuwa mwalimu wa nyota. Lakini nyota ziko juu, na kaburi liko chini. Huko juu aliwafundisha ninyi. Huku chini tuachieni sisi."

Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Dada Luciana alikaa akalia.

Baba wa marehemu akauliza, "Anayelazwa nje ni wa nani?"

"Ni wako. Nani amesema si wako? Ni wako, ila ni wa nje."

Kuku walipita. Kisha akauliza tena, "Wazee ndio wanaoonyesha mahali pa kaburi?"

"Ndio."

"Na ua? Ua nao mnauonyesha ninyi?"

Mzee mmoja alisema, "Heche, uchungu umekuchanganya. Ua ni wa mwenye boma. Nani amewahi kumwonyesha mtu mahali pa kupanda minyaa yake?"

"Haya," alisema. Akanyanyuka akawaonyesha wachimbaji majembe yalipo.

Kaburi limechimbwa upande wa mashariki, nje ya ua, mahali wazee walipochagua. Baba yake hakubishana na hatabishana leo. Mchungaji ataombea hapo, na Robi atalazwa hapo, nje, kama ilivyoamuliwa. Neno la wazee limetimizwa.

Watu wakishaondoka, ua utasogea. Minyaa ya upande wa mashariki itakatwa, na matawi yake yatapandwa tena mbele, kulizunguka kaburi, mpaka yaungane na ua wa zamani pande zote mbili. Kaburi halitaguswa. Litabaki pale pale walipolionyesha. Mzee Sadock analisikia hili leo pamoja na wengine, ili asije akaambiwa na watu wa pembeni. Kaka, hukukosea. Na wazee mlisema wenyewe, ua ni wa mwenye boma.

Isidhaniwe kwamba hii ni faraja. Hakuna faraja. Robi aliomba alale karibu na mama yake, na hata ua ukisogea, yeye atakuwa mashariki na mama yake kushoto mwa nyumba, na katikati ni uwanja mzima ambao hakuna mtoto atakayecheza. Mnyaa unachukua miaka kufunga. Baba yake ana miaka sabini na sita, anaweza asiuone umefunga. Akifa, boma litakuwa na makaburi matatu na lango lisilo na wa kulifungua, na mbuzi wa watu watapita wanakotaka. Anayajua hayo. Ua wa kwanza ulipandwa na watu watatu. Huu utapandwa na mmoja. Anajua pia kwamba utomvu utamwingia machoni, na wa kumwosha hayupo.

Majirani watasema mzee anapanda ua kuzunguka hewa. Waacheni waseme. Robi alitumia maisha yake yote ya kazi kutazama mahali ambapo watu walidhani hapana kitu, mahali palipokuwa pakifutwa kama uchafu, akaonyesha kwamba wale waliochomoka, waliokosa boma, walikuwa wa kundi muda wote. Hakuna aliyewarudisha ndani. Yeye alipanua hesabu mpaka wakawa ndani. Baba yake hakuelewa mengi katika kazi ya binti yake. Hilo alilielewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Machochwe, ndugu waliotoka Kewanja, wanafunzi wake waliokuja kwa basi kutoka Dodoma, Mwalimu Konstantino, Dada Luciana, kanisa, na wazee wa ukoo. Chakula kipo kwa wote. Wanaokwenda Mugumu wasichelewe, gari la mwisho haliwangoji waombolezaji.

Marehemu ametanguliwa na mama yake Gati na kaka zake wawili, ambao waliondoka kabla ya kupewa majina ya kanisani.

Hakuacha mume. Hakuacha mtoto.

Ameacha baba.

Robi, binti yangu wa pekee, apumzike ndani ya ua wa baba yake.